Ukuta Mkuu na Kasri la Beijing: mwongozaji wa peke yako, basi la kikundi, au ujiendee?

Mtu mwenye siku mbili za kupumua Beijing, awe mzazi aliyekuja kwenye mahafali ya mwanawe au mfanyabiashara aliyemaliza kufunga mzigo Guangzhou akapanda treni ya kasi, mwendo wa saa nane hivi, kuja kaskazini, hupewa ushauri wa aina tatu. Wakala wa hotelini anamwuzia ziara binafsi: gari lake, mwongozaji wake anayejua Kiingereza, kuchukuliwa mlangoni na kurudishwa. Karatasi za mtaani zinamwita kwenye basi la kikundi kwa bei ndogo mpaka inatia shaka. Na rafiki aliyewahi kufika anamwambia, "Panda basi la umma tu, unalipia nini?"

Wote watatu wako sahihi mahali fulani. Mimi naona ni hasara kuchagua njia moja kwa safari nzima. Kwa Ukuta Mkuu, kodi dereva bila mwongozaji. Kwa Kasri la Kifalme, chukua mwongozaji bila gari. Kile kifurushi kinachouzwa sana, cha gari na mwongozaji kutwa nzima na sehemu zote mbili ndani yake, kinakutoza vyote viwili hata pale ambapo kimoja kimekaa bila kazi.

Ukuta: chagua kipande kwanza

Serikali ya China ilitangaza mwaka 2012 kwamba Ukuta una jumla ya kilomita 21,196, ukihesabu kuta za tawala zote. Ule unaouona kwenye picha ni wa enzi ya Ming, 1368 hadi 1644, na ukiwa Beijing unafikika kwa vipande kadhaa. Ninaoulizwa sana ni vitatu: Badaling, Mutianyu na Jinshanling.

Badaling ndiyo rahisi kufika na ngumu kufurahia. Tangu mwisho wa mwaka 2019 treni ya kasi inatoka stesheni za Beijing Kaskazini na Qinghe hadi miguuni mwa Ukuta, na ukitokea Qinghe safari haifiki hata nusu saa. Stesheni yenyewe imechimbwa chini ya mlima, zaidi ya mita 100 kwenda chini, na kupanda ngazi zake za umeme ni utalii tosha. Tatizo ni watu. Mwaka 2019 uongozi wa hapo uliweka kikomo cha watu 65,000 kwa siku, na ukisikia kikomo ni hicho, jiulize hali ilikuwaje kabla yake. Siku za sikukuu unatembea kwa mwendo wa aliye mbele yako. Rais Nixon wa Marekani alipelekwa hapa mwaka 1972, na wageni wa serikali wakaendelea kupelekwa hapo hapo, ndiyo maana jina lake linatangulia kila orodha.

Mutianyu iko wilaya ya Huairou, kama kilomita 70 kaskazini mashariki ya katikati ya jiji. Kwa gari ni saa moja na nusu, au mbili foleni ikigoma. Ukuta wake umekarabatiwa vizuri, una minara ya ulinzi 23, misitu pande zote mbili, na watu wachache kuliko Badaling. Kwa anayekwenda mara ya kwanza, mwenye watoto au mwenye mama wa miaka sabini, hapa ndipo. Mzee anapanda kwa gari la waya hadi mnara wa 14, anakaa, anapiga picha, anashuka. Vijana wanatembea kuteremka hadi mnara wa 6 na kushuka kwa kigari kidogo chenye breki ya mkono kwenye mfereji wa chuma, unaozunguka mlima hadi chini. Michelle Obama alishuka nacho mwaka 2014, na mabango ya hapo hayatakuacha usahau.

Jinshanling iko mbali zaidi, upande wa mkoa wa Hebei, zaidi ya kilomita 120. Hapo unapata Ukuta ulioachwa nusu umekarabatiwa nusu umebomoka, na kimya ambacho Badaling hakipo. Ni ya watembeaji. Kama magoti yanalalamika ukipanda ghorofa ya tatu, usijidanganye.

Nenda Mutianyu, katikati ya wiki. Badaling iwe kimbilio la mwenye nusu siku tu kabla ya ndege, kwa sababu ya ile treni.

Namna ya kufika Mutianyu

Kwa basi la umma unapanda la 916 la haraka kutoka Dongzhimen hadi Huairou, kisha unabadilisha. Nauli ni ndogo sana. Lakini njia hii ina wapiga debe wa aina yake. Mtu aliyevaa kama mfanyakazi wa basi anaingia kituo kimoja kabla ya kile unachokitaka, anakuita "Mutianyu, Mutianyu!", anakushusha, na teksi ya rafiki yake inakusubiri hapo nje. Deshengmen, zinapoanzia basi za 877 za kwenda Badaling, kuna wenzao wanaokwambia basi leo halipo. Mtu aliyezoea Kariakoo au River Road atawatambua kwa mbali, ila kule hujui lugha, na huwezi kumwuliza mama wa kiti cha pili kama ni kweli. Ukijiendea, fuata programu ya ramani ya Amap na usishuke mpaka nukta yako ifike.

Gari la kukodi na dereva, kwenda, kukusubiri na kurudi, bei zinazotajwa sana ni kati ya yuan 500 na 800 kwa gari zima. Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Mkiwa wanne, kila mmoja analipa kidogo kuliko chakula cha jioni hotelini, na mnaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla mabasi hayajaamka. Ukiwa peke yako inauma, na basi la watalii la moja kwa moja kutoka katikati ya jiji, lisilo na mwongozaji wala maduka, ni afadhali.

Na mwongozaji? Akiwa juu ya Ukuta anakuambia ulijengwa lini, ulizuia nani, na moshi wa minara ulipelekaje habari. Dakika kumi na tano zinatosha, na unaweza kuzisoma usiku wa kuamkia safari. Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ngazi na upepo, na katika hilo mwongozaji hana cha kukusaidia zaidi ya kukubebea koti. Wengi wao, kwa haki yao, hukusubiri chini.

Jambo moja dereva hatakueleza. Gari la waya la mnara wa 14 na viti vya waya pamoja na kile kigari cha mnara wa 6 ni vya kampuni mbili tofauti. Ukinunua tiketi ya kwenda na kurudi ya gari la waya, huwezi kuitumia kushukia kwenye mfereji. Amua chini, kabla ya dirisha la tiketi. Na mvua ikinyesha, mfereji unafungwa.

Kasri: hapa ndipo pesa ya mwongozaji inaporudi

Kasri la Kifalme, Gugong kwa wenyeji, lilijengwa kati ya mwaka 1406 na 1420 kwa amri ya mfalme Yongle. Wafalme 24 walikaa humo, wa Ming na wa Qing, hadi yule wa mwisho, Puyi, alipofukuzwa mwaka 1924. Mwaka uliofuata likafunguliwa kuwa makumbusho. Ukubwa wake ni hekta 72, na kutoka lango la kusini hadi la kaskazini ni karibu kilomita nzima.

Ukiingia peke yako, haya ndiyo utakayoyaona: ua, ukumbi mwekundu wenye paa la njano, ua mwingine, ukumbi mwingine mwekundu wenye paa la njano, halafu ua. Baada ya saa moja jua limekuchoma na kumbi zote zimefanana. Vibao vipo, ila vinakupa jina na mwaka tu.

Ukiwa na mtu anayejua, kila kitu kina neno. Wale wanyama wadogo waliojipanga kwenye pembe za mapaa ni cheo: kadiri walivyo wengi ndivyo jengo lilivyo kubwa kwa heshima, na Ukumbi wa Taihe peke yake ndio wenye kumi. Mapipa makubwa ya shaba uani yalikuwa ya maji ya kuzimia moto, na wakati wa baridi yaliwashiwa moto chini yake ili maji yasigande. Nyuma ya Ukumbi wa Baohe kuna jiwe moja lililochongwa madragoni, zaidi ya tani 200. Lililetwa kutoka machimbo nje ya jiji kwa kuliburuta majira ya baridi juu ya njia iliyomwagiwa maji yakaganda kuwa barafu. Bila mwongozaji utapita kando ya jiwe hilo ukitafuta choo.

Halafu kuna habari yetu. Yongle huyo huyo ndiye aliyezituma merikebu za jemadari wake Zheng He kwenye Bahari ya Hindi, na mwaka 1415 aliletewa twiga kutoka Malindi. Watu wa ikulu walimwona kuwa ni qilin, mnyama wa heri anayejitokeza enzi ya mtawala mwema, na mwenye kasri hakuwa na sababu ya kuwabishia. Nakushauri ulifanye swali la usaili. Kabla hujamlipa mwongozaji, mwandikie: "Unaweza kuniambia habari ya twiga wa Malindi?" Anayejua kazi atajibu kwa furaha. Aliyekariri ukurasa mmoja atakurudishia orodha ya bei.

Sababu ya pili ya mwongozaji hapa ni tiketi. Haziuzwi mlangoni. Zinafunguliwa siku saba kabla, saa mbili usiku za Beijing, yaani saa tisa alasiri za Dar na Nairobi, kwa jina na namba ya pasipoti, na msimu wa watu wengi zinaisha haraka. Bei ni yuan 60 kuanzia Aprili hadi Oktoba na yuan 40 miezi iliyobaki, kwa hiyo mtu anayekutoza mara tatu hakuuzii tiketi, anakuuzia usumbufu alioubeba. Uwanja wa Tian'anmen ulio mbele yake nao unahitaji nafasi yake tofauti iliyowekwa mapema. Mgeni asiye na namba ya simu ya China hujikwaa kwenye hatua hizi, na mwongozaji mwenye kampuni nyuma yake huzimaliza kwa dakika tano. Jumatatu Kasri limefungwa, isipokuwa iangukie sikukuu ya taifa. Jumatatu, basi, ni siku ya Ukuta.

Gari halina kazi hapa. Treni ya chini ya ardhi inakufikisha, na barabara zinazozunguka Kasri hazina pa kuegesha. Unatokea lango la kaskazini, unavuka barabara, unapanda kilima cha Jingshan na kuyaona mapaa yote kwa pamoja. Mwagane na mwongozaji hapo. Nusu siku yake imeisha na ni yuan mia kadhaa, si siku nzima.

Basi la kikundi

Sitalisema vibaya lote. Kuna ziara za kikundi kidogo, watu wanane au kumi, zenye masharti yaliyoandikwa, na kwa msafiri wa peke yake ndizo zenye akili kwa bei. Ninazozungumzia ni zile za bei ya kutupa, ambazo hata tiketi na mafuta haviwezi kuwa vimelipwa.

Pengo hilo hujazwa na maduka. Mnapita kwenye kiwanda cha jade, kisha hariri, kisha "daktari" wa dawa za asili anayekushika mkono na kukukuta na ugonjwa. Sheria ya Utalii ya China, iliyoanza kutumika Oktoba 2013, inakataza kuwavuta watalii kwa bei ya chini isiyo ya haki na kuwalazimisha kununua, na hali imepungua, lakini duka halijaisha. Limebadilishwa jina kuwa "mapumziko" au "makumbusho". Kinachokuuma si hela, maana unaweza kukataa kununua. Ni saa mbili za mchana wako. Unafika Ukutani saa nane, unapewa dakika tisini, na mnene mmoja wa kikundi, Mungu amjalie afya, yuko ngazi ya kumi na mbili anapumua na kila mtu anamsubiri.

Angalia pia jina la kipande. Tangazo linaposema "Ukuta Mkuu, Badaling", soma mpaka chini, kwa kuwa baadhi ya basi za bei rahisi huishia Shuiguan, kipande cha jirani. Ni Ukuta halali, ila siyo ulioulipia.

Vyote kwa siku moja?

Ziara binafsi nyingi zinauza Kasri asubuhi na Mutianyu mchana, na kwenye karatasi inawezekana. Kasri linafunguliwa saa mbili na nusu. Ukiliheshimu, unatoka saa tano na nusu. Chakula, saa sita na nusu. Barabarani mpaka saa nane na robo. Basi dogo la kituo cha mapokezi, foleni ya gari la waya, na umesimama juu ya Ukuta karibu saa tisa alasiri miguu ikiwa imekwisha kutembea kilomita kadhaa. Majira ya baridi jua linazama kabla ya saa kumi na moja.

Mwenye siku moja kamili tu na asiye na ya pili, achague kimoja. Mimi ningechagua Ukuta kama ni mara ya kwanza China, na Kasri kama nasafiri na mtu anayependa historia kuliko picha. Ukibisha na kutaka vyote, hapo ndipo ziara binafsi ya gari na mwongozaji inapostahili bei yake, ambayo kwa watu wawili mara nyingi hupita dola mia kwa kila mmoja. Basi la kikundi haliwezi ratiba hiyo, na wewe mwenyewe kwa usafiri wa umma ndiyo kabisa.

Kama uko Xi'an badala ya Beijing

Nitaligusa kwa ufupi, maana linganisho linageuka. Jeshi la udongo la Qin Shi Huang, mfalme mkuu wa kwanza wa China, lililogunduliwa na wakulima waliokuwa wakichimba kisima mwaka 1974, liko Lintong, kama kilomita 35 hadi 40 mashariki ya jiji, na treni ya mjini pamoja na basi vinakufikisha bila shida. Kwa hiyo gari si lazima. Mwongozaji, chukua. Shimo namba moja lina urefu wa mita 230, unaliona kutoka juu ukiwa umebanwa na umati, na bila maelezo ni safu za watu wa udongo utakazochoka nazo haraka. Anayejua atakuonyesha kwamba nyuso hazifanani, mabaki ya rangi zilizopauka baada ya kufukuliwa, na kwa nini kaburi lenyewe la mfalme halijafunguliwa hadi leo. Jihadhari na madereva wa stesheni wanaokupeleka kwenye "jeshi" la kuigiza lililotengenezwa juzi.

Mambo yanayobadilisha uamuzi

Chakula kwanza. Kwa Mwislamu, hii peke yake inaweza kuamua. Kikundi kinakula mgahawa mmoja uliokubaliwa na kampuni, na nguruwe yuko hata kwenye mboga usiyoishuku. Ukiwa na mwongozaji wako, mwambie "qingzhen", yaani halali, tangu siku ya kuweka oda, naye atapanga njia ipitie mgahawa wenye kibao hicho. Beijing kuna mtaa wa Niujie, wenye msikiti ulioanzishwa mwaka 996 na vyakula halali pande zote. Xi'an huhitaji hata kuuliza. Mtaa wa Waislamu uko katikati ya jiji. Ukienda Mutianyu na dereva tu, beba chakula chako.

Lugha ni ya pili. Wachina wanaojua Kiswahili wapo Beijing, Redio China Kimataifa (CRI) inatangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1961, ila kujua lugha si leseni. Mwongozaji halali ana kitambulisho cha kazi, na kukiomba si utovu wa adabu. Kama mwanao anasoma huko na Kichina kimemkaa, basi kwa upande wa Ukuta umemaliza: yeye aagize gari, ajadili bei, mwende kama familia. Kasri msimpe. Atachoka kuulizwa kila jengo ni la nani, na nyie mtachoka na "sijui, mama".

Kuna wale vijana wachangamfu pale Wangfujing au karibu na Tian'anmen wanaotaka "kujizoeza Kiingereza" na kukuongoza bure. Safari yao inaishia kwenye chumba cha chai chenye bili ya kutisha.

Tarehe pia. Wiki ya kwanza ya Oktoba na siku za mwanzo wa Mei, China nzima iko safarini. Hata ziara ya bei kubwa haikununulii nafasi ya kupumua. Mwisho wa Oktoba ni majira mazuri, majani mekundu na jua lisilochoma. Januari, aliyekulia Tanga au Mombasa asidharau upepo wa Ukutani.

Kuhusu malipo, Alipay na WeChat zinakubali kadi za Visa na Mastercard za nje, lakini ziunganishe ukiwa bado nyumbani, maana ujumbe wa kuthibitisha wa benki unaweza usikufikie kule. WhatsApp na Google hazifunguki kwenye intaneti ya hotelini. Laini yenye roming huzifungua. Bei ya ziara binafsi ipate kwa maandishi ikitaja vitu vinne: tiketi za kuingilia, gari la waya, chakula, na sentensi inayosema hakuna kituo cha manunuzi. Lipa kiasi kidogo mwanzo, kilichobaki jioni. Bakshishi si desturi ya Wachina kwa mhudumu wa mgahawa wala dereva wa teksi, ila waongozaji wanaohudumia wageni wameizoea, na aliyekujibu vizuri lile swali la twiga anastahili kitu.